Maswali na Majibu: Kidakio cha maji kikae wapi katika delta ya Rufiji?

Katika toleo lililopita niligusia namna ramani zinavyotumika kuchagua mahali pa kujenga miradi ya maji, hasa kidakio, yaani mahali maji yanapotekwa kutoka mtoni, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa kutoka Kibiti na Rufiji. Nimechagua tano zinazohusu jambo lilelile. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi la baadhi yao.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha delta, upande wa kaskazini. Wataalamu walituletea ramani yenye rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Kijiji chetu chote, pamoja na mto unaopita mbele yake, kilikuwa chekundu, na kijani ilianzia mbali sana kuelekea juu ya mto. Walisema kidakio kitajengwa huko na maji yatatufikia kwa bomba. Wazee wanauliza inakuwaje mtu akae juu ya maji halafu aletewe maji kutoka mbali. Tueleze, maana watakaosaini muhtasari ni sisi. — Mjumbe, Kibiti

Ndugu mjumbe, swali la wazee ni la haki, na jibu lake linaanza na ndoo. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yakishazidi kiasi cha gramu moja ya chumvi na madini yaliyoyeyuka katika lita, mnywaji huanza kuyakataa kwa ladha yake. Ukipiga hesabu utaona kwamba ndoo moja ya maji ya bahari inatosha kuharibu ndoo 34 za maji matamu, hata kama hizo 34 zilichotwa mahali ambapo hayakuwa na chembe ya chumvi. Mto unaopita mbele ya kijiji chenu hupokea ndoo hiyo mara mbili kila siku, maji yanapojaa, na wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yenu huzidi mita 3, bahari hupanda ndani ya mikono ya mto kwa umbali ambao mgeni hawezi kuuamini.

Jambo la pili ni kwamba maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo yakipanda hutambaa chini, huku maji matamu yakiendelea kuteremka juu yake. Mama anayechota kwa kata pembeni ya mtumbwi anaweza kupata maji yanayonyweka, wakati mdomo wa pampu uliowekwa mita mbili chini yake ungekuwa unavuta magadi matupu. Ndiyo sababu uzoefu wa wachotaji, ambao mimi nauheshimu sana, unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usifae kwa kuamua mahali pa pampu.

Tena kuna majira. Wakati wa masika Rufiji hushuka na maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu. Nguvu hiyo huisukuma bahari hadi karibu na midomo ya mto. Ikifika Oktoba na Novemba, kabla vuli haijashika, mto hunyongea na bahari hudai nafasi yake. Kidakio huchaguliwa kwa kutazama siku yake mbaya kuliko zote, na siku hiyo kwenu ni ile ambapo bamvua inakutana na mwisho wa kiangazi. Rangi nyekundu waliyoweka mbele ya kijiji chenu, kama waliiweka kwa uangalifu, inasema kwamba zipo siku ambapo hapo hapatakuwa na maji ya kunywa, hata kama siku nyingine zote za mwaka yapo.

Nimesema "kama waliiweka kwa uangalifu", na hapa ndipo kamati yenu inapaswa kuuliza bila aibu. Waulizeni sampuli zilichukuliwa mwezi gani, saa ngapi ya maji kujaa, na kwa kina gani. Sampuli iliyochotwa juu juu mwezi wa Mei haiwezi kueleza chochote kuhusu Novemba, iwe imepakwa kijani au nyekundu. Waulizeni pia kama walitazama aina za mikoko. Mchu huvumilia chumvi kali, lakini msikundazi hupendelea mahali ambapo maji matamu hufika mara kwa mara, na mahali msikundazi unapoanza kuwa mwingi kingoni ni dokezo la miaka mingi ambalo chombo cha kupimia kilichotumbukizwa mara moja hakiwezi kulitoa. Dokezo hilo si uthibitisho, lakini kama rangi ya ramani inalipinga, basi mojawapo linahitaji kupimwa tena.

Nina lawama moja kwa ramani za rangi tatu, nayo ni kwamba hubandika wekundu mmoja juu ya mambo yasiyolingana. Chumvi ni kizuizi ambacho hakuna kibali kinachoweza kukiondoa. Msitu wa mikoko ni kizuizi cha aina nyingine: ni hifadhi ya misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na tangu mwaka 2004 delta nzima imo ndani ya eneo la Ramsar (ardhioevu inayotambuliwa kwa mkataba wa kimataifa) la Rufiji, Mafia na Kilwa, lakini bomba jembamba linaweza kuruhusiwa kupita humo kwa masharti. Upo pia ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto, ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inauzuia kwa shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Kidakio hakiwezi kukwepa kingo kwa sababu kazi yake iko majini, hivyo huombewa ruhusa. Nyumba ya pampu, tenki na ghala la dizeli, kinyume chake, havina udhuru wowote wa kusogea huko. Ombeni ramani itenganishe wekundu wa maji, wekundu wa sheria na wekundu wa gharama, kisha mtajua ni upi wa kujadiliana nao na ni upi wa kuukubali.

Mtu mwingine katika mkutano atauliza kwa nini basi kisichimbwe kisima palepale kijijini. Katika ardhi ya mchanga iliyozungukwa na chumvi, maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 hivi chini yake, na kwa hiyo pampu ikishusha usawa huo kwa nusu mita tu, chumvi hupanda kuifuata kwa mita 20. Kisima kifupi cha kuchota kwa kamba huweza kudumu miaka, lakini ukikifunga pampu ya kuhudumia kaya mia tatu unaweza kukiua kwa msimu mmoja.

Mimi ni mwanafunzi wa upimaji na ramani. Kwa mradi wangu wa mwisho nimepakua data ya mwinuko ya SRTM na kutengeneza matabaka manane katika programu ya QGIS: mwinuko, umbali kutoka barabarani, umbali kutoka makazi, aina ya udongo, misitu, chumvi, mafuriko na mteremko. Nimeyapa yote uzito sawa. Ramani inaonyesha vilima vya zaidi ya mita 10 karibu kabisa na bahari, ambavyo vinafaa sana kwa tenki, lakini msimamizi wangu amecheka bila kunieleza. — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Vilima vyako ni mikoko. Data ya SRTM ilikusanywa Februari 2000 kwa rada iliyobebwa na chombo cha anga, na mahali penye msitu mnene rada hiyo hurudishwa na vilele vya miti badala ya ardhi. Miongoni mwa mikoko ya Rufiji ipo mirefu inayozidi mita 10, kwa hiyo msitu wote hujitokeza kama mwinuko mzuri wenye upepo, na tenki lako lingesimama katika tope linalofunikwa na maji mara mbili kwa siku. Usione haya, kwani mimi mwenyewe, nikiwa kijana kazini, niliwahi kuwaongoza wenzangu kwa mashua hadi kwenye "kilima" cha namna hiyo, na nahodha alipozima injini na kuniuliza nashukia wapi, sikuwa na jibu. Kagua kila mwinuko ulio karibu na bahari kwa picha ya setilaiti kabla ya kuuamini, kisha uende ukaupime kwa vifaa vya upimaji. GPS ya mkononi usiitumie kwa kimo, maana katika nchi ambayo mita moja ndiyo tofauti ya kukauka na kuzama, kosa lake ni kubwa kuliko kitu unachokipima.

Chunguza pia mfumo wa majira ya nukta wa ramani zako, yaani namna zinavyotaja mahali kwa namba. Karatasi za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali setilaiti na simu yako hutumia WGS 84, na ukiziweka pamoja bila kuzibadilisha, kila kitu husogea kwa takribani mita 300. Katika tambarare ya Dodoma huenda usigundue, lakini katika delta mita 300 hutosha kuhamisha kidakio kutoka mkono mmoja wa mto hadi mwingine.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi ni hilo la uzito sawa. Ukijumlisha matabaka manane na kugawa kwa manane, mahali penye chumvi isiyonyweka hujipatia alama nzuri kwa sababu ni karibu na barabara, ni tambarare na hapana msitu, kana kwamba barabara inaweza kulipia deni la chumvi. Kwanza futa kabisa maeneo ambayo mradi hauwezi kuishi: pale chumvi inapofika katika siku mbaya, pale kingo zinapohama, pale sheria inapokataa bila njia ya kibali. Yaliyobaki ndiyo uyapime kwa uzito, na hapo umbali wa barabara na wa umeme una haki ya kusema. Utashangaa jinsi yatakavyokuwa machache.

Kuhusu kingo zinazohama, nakuhimiza utumie hazina ya picha za setilaiti za Landsat, ambazo kwa ubora wa mita 30 zinarudi nyuma hadi miaka ya 1980, pamoja na Sentinel-2 zenye ubora wa mita 10 tangu mwaka 2015. Chora kingo za kila baada ya miaka mitano uzibandike juu ya nyingine. Rufiji haukai mahali pamoja: mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya mafuriko makubwa, sehemu kubwa ya maji yake iliegemea mikono ya kaskazini, na ya kusini ikabaki na chumvi zaidi. Kidakio ambacho kingejengwa upande wa kusini miaka michache kabla ya hapo kingeachwa na mto. Kwa mafuriko tumia picha za rada za Sentinel-1, kwa sababu siku ambazo maji yamefunika mashamba ndizo siku ambazo mawingu huziba picha za kawaida.

Bwawa la Julius Nyerere limeshajaa na mitambo inazalisha umeme. Je, takwimu za zamani za mto bado zina maana katika kupanga miradi ya maji huku chini? — Mwalimu, Utete

Zina maana, mwalimu, lakini zinaeleza mto mwingine. Ujazaji wa bwawa ulianza Desemba 2022, na kituo chenye uwezo wa megawati 2,115 huachia maji kulingana na mahitaji ya umeme na usalama wa bwawa, wala si kulingana na mvua peke yake. Kama mitambo inaendeshwa mwaka mzima, mtiririko wa kiangazi huweza kuwa na nguvu kuliko ule wa zamani, na hilo lingeirudisha chumvi nyuma. Lingekuwa jambo jema kwa mnywaji wa maji, na mimi sioni sababu ya kulificha kwa kuwa tu bwawa lina wapinzani. Upande wa pili ni mashapo. Tope na mchanga uliokuwa ukishuka na mafuriko sasa hutua ndani ya bwawa, na maji yanayotoka bila mzigo huwa na hamu ya kula kingo na sakafu ya mto ili yapate mwingine. Kwa hiyo tabaka la chumvi la ramani ya mwaka 2015 laweza kuwa kali kupita kiasi, ilhali tabaka la kingo la ramani hiyohiyo likawa pole kupita kiasi.

Wala asiwepo wa kufuta tabaka la mafuriko akidhani bwawa limeyamaliza, maana Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walihama nyumba zao kwa maji. Kila tabaka liandikwe mwaka wake pembeni, na yale ya mtiririko yapimwe upya katika angalau kiangazi kimoja cha baada ya bwawa. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi kuu Iringa, ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji, na kwake ndiko pa kuulizia takwimu mpya.

Ninaishi Sacramento, California, ambako kwa miaka mingi wanabishana juu ya handaki la kupitisha maji chini ya delta. Je, wenye fedha na kompyuta nyingi wanachora ramani zao tofauti na sisi? — Msomaji, Marekani

Wanatumia matabaka mengi zaidi, lakini kizuizi cha kwanza ni kilekile. Mpango ulioidhinishwa na Idara ya Rasilimali za Maji ya California Desemba 2023 unaweka vidakio viwili kwenye mto Sacramento, karibu na Hood na Courtland, kila kimoja kikiwa na uwezo wa takribani mita za ujazo 85 kwa sekunde, na kutoka hapo maji yapite katika handaki la kilomita 72 hivi hadi bwawa la Bethany. Vimepelekwa kaskazini, juu ya mto, kwa sababu hiyohiyo iliyoipa ramani ya Kibiti rangi nyekundu: huko chumvi haifiki.

Ardhi yao ni mbaya kuliko yetu kwa namna moja. Visiwa vya delta hiyo ni vya udongo wa mboji, na tangu vilipokaushwa kwa kilimo udongo huo umekuwa ukioza na kunywea hadi baadhi ya mashamba yakawa zaidi ya mita 6 chini ya usawa wa bahari, yakilindwa na tuta tu. Juni 2004, siku isiyo na dhoruba, tuta la Jones Tract lilipasuka na kisiwa kikajaa. Hapo ndipo ilipo hoja ya kupita chini kwa chini, kwani mfereji wa juu ungelazimika kukaa katika ardhi inayodidimia.

Mfereji kama huo ulikataliwa kwa kura mwaka 1982, na mpango wa mahandaki mawili ukaondolewa mwaka 2019. Nadhani sehemu ya ugomvi inatokana na kwamba wakazi wa delta wanapewa ujenzi na wengine wa mbali wanapewa maji. Hilo ni kizuizi, ingawa hakichoreki kwa urahisi. Sisi nasi tuliwahi kukiona: mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi mkubwa wa kufuga kamba ulipendekezwa katika delta ya Rufiji, wenyeji wengi wakaupinga hadi mahakamani, na haukujengwa.

Mimi ni mama wa miaka 67. Kwenye ramani waliyotuonyesha sikuona makaburi ya wazee wetu wala mashamba yetu ya mlao, yale tunayolima mafuriko yakishapungua, bali pameandikwa "eneo wazi", na bomba limepitishwa hapo. Tukisema, watasikiliza? — Mkulima, Kibiti

Shikamoo mama. Hilo "eneo wazi" nalifahamu. Tangu Operesheni Rufiji ya mwaka 1969, wakazi wengi wa bonde walihamishiwa sehemu za juu, lakini waliendelea kushuka kulima, kulala madunguni na kuzika kwao, hivyo mchoraji anayehesabu mapaa ya nyumba huona utupu mahali penye wenyewe. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na tathmini ya athari kwa mazingira inawataka wenye mradi wawasikilize watakaoguswa. Maneno yenu yaingie katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, na nakala ya ramani ibaki ofisini kwa mtendaji.

Makaburi mwonyesheni mchoraji kwa kutembea naye, yeye akiweka nukta kila mnaposimama. Kama pana mahali pa mizimu msipopenda pajulikane na kila mtu, mna haki ya kumwomba achore duara pana bila jina, nalo bomba litalizunguka vilevile. Mashamba ya mlao hayataonekana akija wakati wa masika, kwa kuwa wakati huo ni maji matupu, wala akija mwishoni mwa mwaka mkishavuna. Mwambieni arudi mwezi wa Julai, mazao yakiwa yamesimama, na vijana wamwonyeshe mpaka wa kila shamba.